Chombo cha Watu Kumi na Wanne

Maiti ya Chediel Msengi ilionekana Jumanne, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, ikiwa imenasa kwenye matete ya Ziwa Kitangiri, nusu saa kwa kasia kutoka mwalo wa Nkonge. Walioiona ni wanawake waliokwenda kuteka maji. Mtumbwi wake wa gogo ulikuwa unaelea hatua hamsini mbele, na ndani yake damu ilikuwa imegandia pale anapokaa mpiga kasia. Kisogo cha marehemu kilikuwa kimepasuka. Mkoba wake wa ngozi, ambao alikuwa hauachi hata akienda msibani, haukuwemo.

Sajini Loyce Kitundu alifika kutoka Kiomboi saa tatu na robo, akakuta wenyeji wameshamaliza upelelezi. Mtuhumiwa alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya banda la samaki, jicho moja limevimba hadi limefumba. Aliitwa Zefania Mkumbo. Mkewe, Magdalena, alikuwa amesimama kati yake na umati, mikono mitupu, na kwa jinsi alivyosimama Loyce alijua kwamba angechelewa robo saa angekuta maiti mbili.

Aliyemtolea maelezo alikuwa Leonard Kiula, mwenyekiti wa umoja wa wenye vyombo, mtu mnene wa sauti ya taratibu.

"Afande, pole na safari. Hapa hakuna fumbo. Mwezi wa pili chombo changu kikubwa kilizama kikitoka mnadani. Watu tisa walikufa. Nahodha alikuwa huyu Zefania, na tunavyojua alikuwa amelewa. Chediel ndiye katibu wetu. Alikuwa anaandika maoni ya umoja kuhusu kanuni mpya za usalama wa vyombo na usafi wa ziwa, na humo ndani ajali ingetajwa. Keshokutwa mtaalamu wa wizara anakuja kuyachukua. Zefania akaona atafungwa."

"Nani alimwona Chediel mara ya mwisho?"

"Wote tulimwona. Jana saa kumi na moja na nusu jioni alisukuma mtumbwi wake, akasema anavuka ng'ambo kuonana na watu walionusurika. Hakufika."

"Na Zefania?"

"Alikuwa majini saa hizohizo. Ziwa limefungwa kwa uvuvi wiki ya tatu sasa, vyombo vyote viko juu. Vilivyobaki majini ni viwili tu: mtumbwi wa katibu kwa ajili ya doria, na wa Zefania, aliyepewa kibali cha kuvusha wagonjwa. Twende ujionee."

Loyce akaenda kujionea. Vyombo vya mbao vilikuwa vimepangwa mchangani, vinaanikwa na jua la Singida lisilo na huruma kwa mtu wala mti. Akahesabu kumi na kimoja. Nyufa kati ya mbao zilikuwa zimefunguka kiasi cha kupitisha njiti ya kiberiti. Cha kumi na mbili kilikuwa peke yake nyuma ya kichaka, karibu na ua wa Leonard, kidogo, cha rangi ya bluu, kimefunikwa turubai. Akainua pembe ya turubai. Mbao zilikuwa zimekaa sawasawa, hakuna ufa. Akajisemea kwamba mwenye uwezo hutunza mali yake, akaendelea na kazi. Kosa hilo lilimgharimu siku mbili, na baadaye alikuwa halipendi kulisimulia.

Zefania akapelekwa mahabusu Kiomboi. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alitaka Ijumaa asomewe shitaka la mauaji.

Jumatano saa mbili asubuhi Loyce alikaa naye chumba cha mahojiano.

"Mzee Zefania, Jumatatu jioni ulikuwa wapi?"

"Nilivusha mtoto mwenye degedege na mama yake. Nimewashusha ng'ambo saa kumi na moja, nikarudi peke yangu."

"Ulimwona Chediel?"

"Hapana. Mimi nilipita juu, kwenye upepo. Yeye angepita chini ya matete."

"Ulikuwa umelewa siku ya ajali?"

Jicho zima lilikuwa linatazama meza.

"Sinywi, mwanangu. Mimi ni msharika, uliza kanisani. Lakini watu tisa wamekufa mikononi mwangu, sasa nibishane juu ya pombe?"

Loyce alimhurumia, na huruma hiyo ikamkera kwa sababu haikuwa ushahidi. Akauliza lililobaki.

"Mtu mwingine angeweza kushusha chombo chake jioni ile?"

"Kile cha mbao? Hapana. Mbao zikikaa juani wiki mbili zinajikunja. Ukikishusha vile kinakunywa maji kama mchanga. Lazima ukizamishe kwanza kwenye maji ya kina kifupi, ukitie mawe, kilale siku mbili mbao zivimbe. Hakuna mtu wa ziwa anayekwea chombo kikavu. Hata mwizi hawezi."

Loyce aliacha kalamu. Alizaliwa Kinampanda, kwenye mtama na alizeti, na mambo ya ziwa alikuwa anayajua kwa kusikia tu. Kile cha bluu kilimrudia akilini, mbao zake zimebanana.

Lakini mbao peke yake hazimfungi mtu. Saa saba mchana alikuwa kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, karibu na stendi, ambako, kwa maelezo ya Magdalena, Chediel alikuwa anachapisha karatasi zake. Mwenye duka, msichana aitwaye Jenipher, alikuwa na macho mekundu ya kulia.

"Yale maoni alichapa hapa?"

"Hapa, Ijumaa. Kurasa tano. Alisema nisifute kwenye kompyuta mpaka wizara wapokee."

"Kuna mwingine aliyeyasoma?"

"Mwenyekiti wake. Alikuja Jumamosi asubuhi akasema ametumwa kuhakiki. Nikampa nakala. Alisoma ule ukurasa wa tano akiwa amesimama hapo mlangoni, halafu akaondoka bila kuaga."

Jenipher akatoa nakala nyingine. Ukurasa wa kwanza ulihusu oili chafu za injini, kwamba zisimwagwe ziwani bali ziwekwe mapipa mwaloni. Wa pili na wa tatu zilihusu jaketi za kuokolea. Wa nne ulihusu mstari wa mzigo, unaochorwa ubavuni mwa chombo kuonyesha maji yasipite wapi kikiwa kimepakiwa. Wa tano Loyce aliusoma mara mbili, kisha akaomba maji ya kunywa.

Alhamisi saa nne mkutano wa wadau ulifunguliwa kwenye banda la samaki. Mtaalamu wa wizara, kijana mwenye miwani, alikaa mezani. Leonard alisimama na karatasi mpya.

"Umoja unaona chombo cha futi ishirini na nane kiruhusiwe watu thelathini," alisoma. "Mstari wa mzigo hauna haja."

"Samahani, mwenyekiti," alisema Loyce kutoka nyuma. "Kabla hujamaliza, naomba wenye vyombo wanisaidie jambo dogo. Naomba ndoo za maji."

Aliwapeleka kwenye vyombo. Hezekia Gunda, mwenye chombo cha kwanza, akamimina ndoo mbili ndani ya chake. Maji yakatoka kwenye nyufa, mchanga ukalowa kabla hajaweka ndoo chini. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Wakafika kwenye kile cha bluu, na Loyce akavua turubai.

"Hiki nimekiziba nyufa juzi," alisema Leonard. "Pamba mpya."

"Tutaiona. Mimina, mzee Hezekia."

Ndoo mbili. Nne. Maji yalitulia humo ndani kama kwenye beseni. Hezekia akainama, akapitisha kidole kwenye maungio, akakwangua lami kwa ukucha.

"Pamba ni ya mwaka jana," alisema polepole. "Na mbao imevimba. Hiki kimelowekwa."

Kila mmoja pale alikuwa anajua siku mbili za kuloweka maana yake nini, na kila mmoja alikuwa anahesabu kurudi nyuma.

"Jumamosi asubuhi ulisoma ukurasa wa tano kule Kiomboi," alisema Loyce. "Usiku ulikiteremsha chombo hiki kwa magogo, ukakizamisha kwenye matete nyuma ya ua wako. Jumapili Nkonge nzima ilikuwa kanisani. Jumatatu jioni kilikuwa tayari. Ulijua Chediel atavuka, alishatangaza mapema. Ulijua pia Zefania yuko majini. Ungekishusha kikavu ukawa unachota maji na kuyamwaga njiani, leo kingevuja kama vya wenzako, nami nisingekuwa na la kusema. Lakini wewe ni mtu wa ziwa. Ulikiloweka."

Leonard alitazama maji yaliyotulia ndani ya chombo chake.

"Huo ukurasa unasema nini?" aliuliza mtaalamu wa wizara.

Loyce akausoma kwa sauti. Chediel alikuwa ameandika majina ya watu kumi na wanane kati ya walionusurika, ambao walishamwekea dole gumba. Chombo kilichozama kilikuwa cha watu kumi na wanne. Siku ile kilibeba thelathini na mmoja, na mahindi juu yake. Nahodha alikataa kuondoka. Mwenye chombo, aliyekuwepo mwaloni, alimwambia aondoke au aache kazi.

"Nilimwomba aondoe ukurasa mmoja," alisema Leonard. "Mmoja tu. Nimesomesha watoto wake wawili. Akaniambia watu wa ng'ambo bado hawajaweka dole wote, anakwenda kumalizia." Sauti yake ilikuwa ileile ya taratibu. "Alinigeuzia mgongo akidhani nitamsindikiza."

Mkoba ulitolewa chini ya kihenge cha Leonard saa sita na dakika ishirini. Watu waliokuwa wanataka kumuua Zefania walimfuata Leonard hadi kwenye gari, na Loyce akalazimika kumlinda yeye naye kwa mwili wake. Mtaalamu aliondoka na kurasa tano.

Jioni Loyce alifungua mlango wa mahabusu. Magdalena alikuwa nje na shati safi mkononi. Zefania hakuinuka upesi. Aliomba asomewe alichoandika Chediel, naye Loyce akamsomea pale pale kizingitini.

"Ameandika kwamba nilikataa?"

"Ameandika ulikataa mara mbili, mbele ya watu. Umekuwa huru, mzee. Huna kosa."

Zefania akalipokea shati, akalikunja tena vizuri, akaliweka magotini.

"Ni kweli nilikataa mara mbili," alisema. "Aliponiambia mara ya tatu niliwasha mashine."