Jina la André Kwenye Simu ya Mwenze

— Sema kweli, Séphora. Ulilala na Aaron?

Séphora alisimamisha mashini ya kushona. Wateja wawili walikuwa wamekaa ndani ya atelier yake ya Kamalondo, wakamwangalia Mwenze, bwana yake, akitetemeka mlangoni.

— Mwenze, iko bantu hapa.

— Basikie! Homa haiishe, shingo imevimba, mapele kifua muzima. Nimesoma kwenye internet, SIDA, ule ukimwi, inaanzaka vile. Ni nani aliniletea, kama si weye na ule Aaron yako?

Aaron aliwahi kumtaka Séphora zamani. Siku hizi alimuuzia vitambaa tu, lakini Mwenze hakuamini. Kila jioni kule kwao Ruashi alikuwa akichungulia simu ya mke wake, akinusa hata nguo zake. Na sasa amemwaibisha mbele za watu.

Séphora alijikaza asilie. Akachukua mkoba.

— Twende tupime. Shiye wawili. Sasa hivi.

Kwenye kituo cha afya, Mama Clotilde, muuguzi, alimtoa damu Séphora kwanza. Zamu ya Mwenze ilipofika, alimwachia mke wake koti lake. Simu ilikuwa mfukoni, ikaanza kulia. Ikanyamaza. Ikalia tena. "André Mahindi." Mwenze alikuwa akienda Kasomeno kununua mahindi, Séphora akadhani ni mambo ya biashara. Akaitoa ili amjibu, na papo hapo ujumbe ukaingia:

"Chéri, juu ya nini haupokee? Nimepima, niko na virusi. Sikuwa najua. Pima na weye haraka. Ni Chancelvie."

Alisoma tena. Akakaa kwenye benchi.

Mwenze alipotoka, Séphora alimwonyesha simu. Uso wa Mwenze ulibadilika.

— Chérie, ilikuwa mara moja tu...

— Bongo! Unadanganya! Ule mwanamuke iko muzuri kunipita?

— Hapana.

— Anapika kunipita? Sema! Mi nilikuwa nakuchemshia maji ya kuoga, kumbe homa umeileta ku Kasomeno! Na ulikuwa unajua ulilala na mwengine, Mwenze. Ulijua, ukaenda kunitukana mbele ya bateja yangu!

Mama Clotilde aliwaita ndani. Vipimo vyote viwili havikuonyesha kitu. Mwenze akapiga magoti kumshukuru Mungu.

— Ngoja, baba, muuguzi akamwambia. Homa na mapele haituambie kitu, ata palu, ile malaria, inaleta homa. Na virusi vikiwa vipya, kipimo hakivioni. Dawa ya kuzuia tunapanaka ndani ya siku tatu kisha kulala na muntu wa virusi, na weye umechelewa. Mutarudi kupima tena. Mupaka ile siku, kapoti, ile kondomu, ao kila muntu na kitanda yake.

Séphora alihamia kwa mama yake. Usiku aliwaza virusi kidogo, na Chancelvie sana: sauti yake, kicheko chake, mikono yake juu ya Mwenze.

Kipimo cha mwisho kilifanywa baada ya miezi mitatu. Séphora hakuwa na virusi. Mwenze alikuwa navyo.

— Utaenda kwa Aaron sasa? akauliza Mwenze, machozi yakimtoka.

— Ata leo, Mwenze? Ugonjwa haunikimbize. Mama Clotilde amesema ukikunywa dawa bila kuacha, utaishi, utazaa batoto bazima. Lakini mi siwezi kulala tena na muntu anajua kweli na ananibebesha kosa yake. Kunywa dawa. Mi sirudie.

Nje, Séphora alipiga namba ya "André Mahindi" aliyoiiba kwenye simu ya Mwenze.

— Allô? Ni Chancelvie? Mi ni Séphora, bibi ya Mwenze. Sikuite juu ya kukutukana. Ile message yako njo ilituamsha. Aksanti.

Sauti ndogo, ya kuchoka, ikajibu:

— Bibi ya Mwenze? Aliniambia ulikufa na mimba. Yee mama... nilikulilia.

Wivu wote uliokuwa umemkaba Séphora ukakosa pa kushika.

— Usilie tena, dada, Séphora akasema. Niko muzima.