Kinundu cha Mama Gacheri

Kule Nkubu, sherehe bila mukimo, ule mchanganyiko wa viazi, mahindi na maharagwe yaliyopondwa, si sherehe. Na katika kikundi chao cha akina mama, mchi wa kuponda mukimo ulikuwa wa Celina, yaani Mama Gacheri. Hakuna aliyemfikia.

Mkononi, karibu na kiwiko, alikuwa na kinundu chekundu tangu utotoni. Mwaka huo kiliongezeka. Kila akiponda, kilitoa jasho kabla hata uso haujalowa.

Karwirwa, mwenyekiti wao, alikiona.

"Mama Gacheri, hiyo kitu itatuambukiza. Wageni wa Gacheri wakikuja, mwingine ataponda."

Gacheri alikuwa binti yake wa pekee, na wageni hao walikuwa wanakuja kumposa. Celina aliweka mchi chini. Moyo ulimuuma, na mama gani usingemuuma? Tangu siku hiyo alivaa sweta hata juani.

Mumewe, Marete, alikuja na unywele wa mkia wa ng'ombe.

"Nilifunga chunjua ya ng'ombe na hii, ikaanguka yenyewe. Leta mkono."

Celina alikuwa ameshaunyosha mkono wakati Nelius, jirani yao na nesi mstaafu, alipoingia kuomba mbegu za maharagwe.

"Baba Gacheri, wacha. Huyu si ng'ombe. Kitu nyekundu hivi inaweza kuwa na mishipa ya damu. Ukiifunga itaoza, ukiikata itamwaga damu."

"Na kama ni kansa?" Celina aliuliza kwa sauti ya chini.

"Macho hayawezi kujua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho twende hospitali."

Daktari alimdunga sindano ya ganzi, akachukua kipande kidogo cha kupima. Wiki mbili zilizofuata Celina hakulala vizuri. Kisha yeye na Marete wakaitwa.

"Mama, si kansa," daktari alisema. "Ni tezi za jasho na mishipa midogo ya damu, zimeota pamoja. Ni watu wachache sana huwa nayo. Haiambukizi. Ikianza kukuuma, tutaitoa. Isipouma, unaweza kuiacha."

"Na kupika?"

"Pika. Osha mikono, ufunike na bandeji safi."

Celina alilia kwa furaha. Marete, akikumbuka ule unywele wa ng'ombe, aliangalia viatu vyake.

Siku ya wageni, Karwirwa ndiye aliyeshika mchi, na mukimo wake ulikuwa na mabonge ya kumshinda hata mbuzi. Celina aliingia jikoni na bandeji nyeupe mkononi, akawaeleza maneno ya daktari. Karwirwa akampa mchi.

Celina aliponda. Baada ya muda bandeji ililowa. Akina mama wakatazamana.

Karwirwa alinawa mikono, akachukua bandeji nyingine.

"Leta mkono, nikubadilishie," alisema.

Alikipangusa kile kinundu kwa vidole vyake mwenyewe, akakifunga, na Celina akaendelea kumpondea binti yake mukimo.