Jiko Ambalo Kila Mtu Alilisifu

Belyse aliwasha moto kabla ya kwenda shule, kama kila asubuhi. Alipanga vijiti katikati ya mafiga, akapuliza, akakohoa, akapuliza tena. Bibi yake, Marcienne, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage kwenye ungo.

"Ukipuliza hivyo utauzima," bibi alisema.

"Kuni ni mbichi, Bibi."

"Kuni ndizo hizo. Zikiisha utakwenda kutafuta nyingine."

Kijiji chao, katika eneo la Juru kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kilikuwa na mashamba mengi ya mahindi na maharage, lakini miti ilikuwa michache. Aliyetaka kuni alikwenda mbali, na mwanafunzi aliyekwenda mbali alichelewa shule. Ndiyo sababu Belyse, aliyekuwa darasa la sita, alijiunga na kikundi cha ubunifu cha shule, akapendekeza watengeneze jiko linalotumia kuni kidogo.

Walilifinyanga kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa. Jiko lilikuwa jembamba, lenye mdomo mdogo wa kuingizia kuni, na kimo chake kilizidi magoti ya mtu mzima, kwa sababu Belyse aliamini kwamba akina mama huumwa mgongo kwa kuinama. Walilijaribu shuleni kwa kuchemsha maji. Vijiti vichache vilitosha. Mwalimu Kabanda, msimamizi wa kikundi, alifurahi.

Wakatengeneza matatu mengine, wakayagawa kwa majirani: Mama Kampire aliyetoka Kivu Kusini, Mukamana muuza nyanya, na mzee Ladislas aliyetoka Burundi kama familia ya Belyse.

"Sasa wapeni muda wa kupikia," Mwalimu Kabanda aliwaambia. "Baadaye mwende mkaone wanavyoyatumia."

Belyse alikwenda na mwenzake wa kikundi, Irakiza, mvulana ambaye hakuwahi kukosa neno la kusema. Walikwenda Jumapili mchana, wakasimama kwenye kila mlango na kuuliza swali lile lile: "Jiko ni zuri?"

"Aa, ni zuri sana, mutoto wangu!" alisema Mama Kampire. "Mungu abariki mikono yenu."

Mukamana alisema hajapata kuona jiko zuri kama lile. Mzee Ladislas alikwenda mbali zaidi.

"Hata Bujumbura hakuna jiko kama hili."

"Mzee, uliwahi kupika Bujumbura?" Irakiza aliuliza.

"Niliwahi kula," mzee alijibu. "Inatosha."

Siku iliyofuata Belyse alimwambia mwalimu kwamba wote watatu wanalipenda jiko. Mwalimu Kabanda aliandaa safari ya mji wa Mbarara. Huko, katika mtaa wa Nyamityobora, palikuwa na karakana ya majiko ya udongo iliyosimamiwa na Bi. Ninsiima. Karakana hiyo ilikuwa imepata kazi ya kutengeneza majiko kwa ajili ya nyumba za kijiji kimoja cha Nakivale, na Bi. Ninsiima alikuwa bado anatafuta umbo linalofaa. Umbo la Juru likichaguliwa, kijiji cha Belyse ndicho kingepata majiko. Lisipochaguliwa, yangekwenda kwingine.

Walisafiri Jumamosi kwa pikapu ya mfanyabiashara wa maharage, jiko likiwa limefungwa kwa blanketi katikati ya magunia. Bi. Ninsiima aliwapokea huku mikono yake ikiwa na udongo hadi kwenye viwiko. Aliligeuza jiko, akaligonga kwa kidole, akasikiliza.

"Udongo mzuri. Mmekausha vizuri," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sasa niambie, nyabo, bibi mdogo. Watu wanapika nini juu yake?"

Belyse alifungua mdomo akagundua kwamba hajui. Alikuwa ameuliza kama jiko ni zuri. Hakuuliza kitu kingine.

"Ugali," alisema. "Na maharage. Kila siku."

"Wewe umeona?"

"Nimeona."

"Sawa. Ijumaa nakuja Juru, na mimi nione. Kama ni hivyo, tunatengeneza yenu."

Mwalimu Kabanda alicheka kwa furaha. Belyse alitazama chini. Waliporudi kwenye pikapu, Irakiza alimsogelea.

"Uliona lini?" alinong'ona. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Pengine nilikuwa nimelala."

Jumatatu jioni, wakati moshi wa mapishi ulipoanza kupanda kutoka kila nyumba, Belyse alimvuta Irakiza wakaenda kwa majirani bila kubisha hodi kwa mbali kama walivyozoea. Mama Kampire alikuwa akipika juu ya mafiga matatu. Jiko lilikuwa pembeni. Juu yake, kwenye tundu la kuwekea sufuria, palikuwa na nyasi, na juu ya nyasi kuku alikuwa ameatamia.

"Huyu anapika mayai," alisema Irakiza, "ila polepole." Alinyoosha mkono, kuku akamdonoa.

Kwa Mukamana jiko lilizuia mlango usipigwe na upepo. Mzee Ladislas walimkuta amelikalia, akipiga soga na jirani.

"Mzee, halikuunguzi?" Belyse aliuliza.

"Litaniunguzaje? Halijawahi kupata moto." Kisha mzee akakumbuka alichosema Jumapili ile, akakohoa. "Lakini ni zuri sana kwa kukalia."

Irakiza alicheka hadi akaketi chini. Belyse hakucheka. Ijumaa ilikuwa karibu, na Bi. Ninsiima angekuta kiota, kizuizi cha mlango na kiti. Alirudi kwa Mama Kampire.

"Mama, tafadhali, pika ugali juu ya jiko letu. Sisi hatutasema neno. Tutaangalia tu."

"Irakiza hatasema neno?" Mama Kampire aliuliza, akimtazama kwa mashaka.

"Nitajaribu," alisema Irakiza.

Kuku alihamishwa kwa kelele nyingi. Mama Kampire alitia kuni, akateka maji, akaketi kwenye kigoda chake kama alivyoketi siku zote. Hapo Belyse aliona kosa la kwanza: sufuria ilifika usawa wa kidevu cha mpishi. Mama Kampire hakuwa akipika kwa kuinama. Alikuwa akipika ameketi, na ndivyo walivyopika karibu wanawake wote wa kijiji.

Maji yalichemka haraka. Mama Kampire alisimama, akamimina unga, akaanza kusonga. Kwenye mafiga alizoea kuibana sufuria kwa miguu yake miwili, kila mguu upande wake, huku mikono yote ikishika mwiko. Sasa miguu haikufika popote. Unga ulipokaza, jiko jembamba lilianza kuyumba. Alisonga, likayumba zaidi. Alisonga tena, sufuria ikateleza, naye akaidaka kwa kanga kabla haijaanguka.

"Maji yanachemka mbio kabisa," alisema akihema. "Lakini bugari inataka nguvu, na jiko hili linakimbia."

"Kwa nini hukutuambia, Mama?"

Mama Kampire alimshangaa. "Watoto wanakuletea kitu walichotengeneza kwa mikono yao, utawaambia ni kibaya? Tena hapa wageni wanakuja mingi kutuuliza, hiki ni kizuri, kile ni kizuri? Tunasema ni kizuri. Ukisema kibaya, hawarudi."

Asubuhi Belyse alimweleza Mwalimu Kabanda kila kitu, pamoja na neno alilosema Mbarara. Mwalimu hakupandisha sauti. Alitafuta namba ya Bi. Ninsiima kwenye simu yake, akapiga, akampa Belyse.

"Si kweli kwamba niliona," Belyse alisema. "Hakuna anayepikia jiko letu."

Bi. Ninsiima akauliza, "Unajua kwa nini hawapiki?"

"Jana nimejua. Nimeona kwa macho. Safari hii ni kweli."

"Basi rekebisheni, Ijumaa siji. Nakuja mwisho wa mwezi. Kijiji kingine pia kinanionyesha jiko lao. Nikiona lenu halitumiki, nachukua la wale."

Safari hii kikundi hakikuanza na udongo. Walibeba matofali hadi kwa Mama Kampire, wakayapanga kwa kimo tofauti, naye akaketi na kuweka sufuria tupu juu yake. Alipoweza kuibana kwa miguu bila kuinua magoti, walipima kwa kamba. Kisha walifinyanga jiko moja tu, fupi, lenye kitako kipana, na mdomo wake mbele kati ya miguu ya mpishi. Irakiza alilisifu kabla halijakauka.

Mukamana alilijaribu. Jiko halikuyumba hata kidogo. Lakini moto ulipokolea, aliruka kutoka kwenye kigoda na kushika goti lake. Mdomo wa jiko ulikuwa umemtazama yeye, na joto lote lilimpiga.

"Ni zuri?" Irakiza aliuliza kwa mazoea.

"Ni zuri sana," alisema Mukamana, akiendelea kusugua goti. Wote wakaangua kicheko, hata yeye.

Wakalivunja, wakaloweka udongo, wakafinyanga tena, mdomo ukiwa ubavuni. Walimpelekea Mama Kampire, wakaenda zao. Walipita kwake jioni baada ya jioni bila kuuliza lolote, na kila jioni walikuta jiko lina moto na mafiga ni ya baridi. Mukamana na mzee Ladislas walipoona, wakaja shuleni wenyewe kudai yao.

Mwisho wa mwezi Bi. Ninsiima alifika Juru. Hakuuliza kama jiko ni zuri. Aliketi kwenye mkeka wa Mama Kampire, akamtazama akisonga ugali kwa nguvu zake zote, miguu imebana sufuria, jiko limetulia kama jiwe. Ugali ulipoiva, aliingiza kijiti kwenye mdomo wa jiko na kukokota nje majivu mengi.

"Majivu haya si ya leo tu," alisema. "Nani mwingine ana jiko kama hili? Nataka kuona lake pia."

La mzee Ladislas lilikuwa na maharage yanayotokota. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama, akilalamika kwamba sasa hana pa kukaa.

"Tunatengeneza hili," alisema Bi. Ninsiima. "Wiki hii tunaanza. Nyumba zote za kijiji."

Belyse na Irakiza walipiga kelele za furaha mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Walipotulia na kurudi kwa Mama Kampire, Mwalimu Kabanda aliwaita wanakikundi wote.

"Mlipouliza kama jiko ni zuri, watu waliwajibu kwamba wanawapenda nyinyi," alisema. "Lile halikuwa jibu kuhusu jiko. Ukimtengenezea mtu kitu, nenda ukamtazame akifanya kazi yake, jaribu kidogo, kosea mapema, rekebisha. Na usiseme umeona kitu ambacho hukukiona. Belyse, ungelishikilia neno lako la Mbarara, leo kijiji kizima kingekuwa kinasubiri majiko yanayoangusha ugali. Ulipokubali kusema kweli, ndipo kazi yenyewe ilipoanza."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Belyse.

Mama Kampire aligonga sufuria kwa mwiko. Ugali ulikuwa unapoa, na hakutaka kusikia hotuba nyingine mpaka kila mtu awe amenawa mikono.