Gamba la Sadala

"Inua mikono."

"Nimeinua."

"Juu zaidi. Kama mtu aliyekamatwa na polisi."

Sadala akainua. Yuditha akalitoa gamba kwenye karai la maji ya moto, limelegea kama chapati, linatoa mvuke, akambandika nalo kifuani bila hata kusema pole.

"We, linachoma."

"Una fulana mbili humo ndani. Tulia."

Hapo ni Kabuku, mchana kweupe, kwenye kibanda cha Yuditha pembeni ya lami. Kazi yake ni kushona ndoo na mabeseni yaliyopasuka. Msumari wa moto, uzi wa nailoni, maisha yanaenda. Hilo gamba sasa ni vazi la askari wa zamani, la plastiki, limepakwa rangi ya fedha, limetoka kwenye belo la mitumba pale Korogwe, na huko lilikotoka lilikuwa la mtoto. Sadala anaigiza na kikundi chake Handeni, zile video za mtandaoni. Kesho wanarekodi, yeye ndiye jemedari, na kifua hakiingii.

Yuditha alishalipasua mbavuni, akaunga vipande vya dumu, akaweka mikanda ya mpira wa baiskeli mabegani na kuikaza kwa mafundo mgongoni. Kilichobaki ni kulibana mwilini likiwa la moto mpaka lipoe. Likipoa, limeshika umbo. Ukitikisika kabla, limeharibika, na plastiki ile ukiichemsha tena inakatika.

Kwa hiyo mtu ukiwa humo huna pa kukimbilia. Na Yuditha alilijua hilo.

"Niangalie," akasema, viganja vyake viwili vimemgandamiza mbavuni.

"Yudi, nimekuja kwa kazi."

"Ungempata fundi mwingine ungekuja?"

Sadala akageuza macho kwenye lami.

"Nakuuliza wewe jemedari."

"Nisingekuja."

"Ahsante kwa ukweli. Ni wa kwanza tangu mwezi wa mfungo." Akakaza viganja. "Mama amekataa. Anasema Mkristo haingii kwake. Nisamehe, tusitafutane tena. Si ndiyo meseji yako? Nimeikariri mpaka nukta."

"Sasa mimi ningefanyaje? Mama ndiye mama."

"Ungekuja kuniambia usoni. Miaka yote ile unanilia ugali wangu hapa, halafu unaniacha kwa meseji kama mtu anayeghairi soda."

"Lipo tayari?"

"Bado. Ukitikisika kesho utaigiza umevaa beseni."

Simu ya Sadala ikaita juu ya stuli. Wote wawili wakaona jina. MAMA.

Sadala akabana pumzi. "Iache."

"Kwa nini niiache? Ni mama yako."

"Yuditha, iache iite. Nakuomba."

Hapo ndipo Yuditha aliposhtuka. Sadala wa kumwomba mtu? Akatoa mkono mmoja, akagusa kioo, akaweka spika, akaurudisha mkono mbavuni.

"Sadala mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti imebanwa hivyo?"

"Niko kwa fundi, mama. Nitakupigia."

"Fundi gani anabana sauti za watu? Nisikilize. Niko na shangazi yako hapa, tunamwongelea yule binti wako wa Kishambaa. Mimi naona nitume watu kwa baba yake."

"Mama, network inasumbua."

"Haisumbui, nakusikia vizuri. Ulisema baba yake amekataa, hataki Mwislamu. Sawa. Lakini mtu akikataa leo si atasikia kesho? Vitenge nilivyomnunulia yule mtoto vimo sandukuni, unataka panya wavivae?"

Viganja vya Yuditha vimeganda palepale mbavuni. Chini ya plastiki alisikia moyo wa Sadala unavyokwenda mbio.

Kumbe mama hakukataa. Kumbe na baba yake naye, mzee wa watu huko Bungu asiyejua hili wala lile, amekataa bila kuulizwa.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Yuditha. Mimi ndiye fundi mwenyewe. Mama, baba yangu hajawahi kumwona mtu yeyote kutoka kwenu. Na mimi niliambiwa wewe ndiye umekataa."

"Mimi?"

"Eti Mkristo haingii kwako."

Mama Sadala akavuta pumzi ndefu. Walimsikia akimgeukia shangazi, wakanong'ona Kizigua haraka haraka. Aliporudi, sauti ilikuwa baridi.

"Yuditha mwanangu, huyo mtu amevaa nini?"

"Gamba la plastiki, mama. La askari."

"Anaweza kulivua mwenyewe?"

"Mafundo yako mgongoni."

"Basi usimfungue. Mlete hapa nyumbani Mazingara kama alivyo."

Wakaenda kwa bodaboda mbili, kwa sababu Yuditha alisema hapandi moja na mwongo. Sadala mbele, kifua kinang'aa kama sufuria mpya. Waliokuwa dukani wakapiga miluzi. Mmoja akauliza kama vita imefika Kabuku.

Mama Sadala alikuwa uani, anapepeta mahindi. Akamkaribisha Yuditha mkekani, akampa maji, akamuuliza habari za Bungu, za baba, za mvua. Sadala kasimama juani. Hakuna aliyemwangalia.

"Mama, linanibana."

"Lilishika umbo umebana pumzi," Yuditha akamjibu. "Simu ya mama yako ilikutisha."

Mama akaweka ungo chini. "Haya. Sema."

"Hakuna aliyekataa, mama. Nilidanganya pande zote. Uliponunua vile vitenge nikaona mambo yamekuwa kweli. Nikaogopa. Nikaona bora ninyi mgombane, mimi nionekane nimeonewa."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Akamgeukia Yuditha. Jasho linamchuruzika shingoni, sauti imepungua. "Nilikuogopa wewe. Hukuwa na kosa."

"Najua sikuwa na kosa. Nililia kama mwenye kosa."

Mama akaingia ndani, akatoka na mkasi. Akampa Yuditha, sio mwanawe.

Yuditha akazunguka nyuma. Sadala akafumba macho. Mkasi ukalia kacha. Mkanda wa bega la kushoto ukakatika, gamba likainama upande mmoja. Akamrudishia mama mkasi.

"Na huu mwingine?" Sadala akauliza.

"Huo nitaukata mbele ya baba yangu, ukishamwambia ulivyomsingizia. Ukiufungua wewe nitajua. Fundo ni langu."

"Kesho tunarekodi, Yudi."

"Karekodi."

"Sasa nitalalaje?"

"Kama nilivyolala mimi. Chali, macho wazi."

Kesho yake asubuhi Yuditha yuko kibandani, ameshika ndoo ya mtu, simu ikalia, meseji ya Sadala.

"Nipo stendi Korogwe, natafuta gari ya kupanda Bungu. Watu wote wananicheka."

Akaisoma, akarudi kwenye ndoo, akatoboa tundu, akapitisha uzi. Kisha akaandika:

"Umelivaa?"

"Nimelivaa."

Akazima jiko, akafunga kibanda, akasimamisha bodaboda. Mkasi wake wa kazi ulikuwa kwenye mkoba.