Nani Amemlisha Beni?

"Nani amemlisha samaki wangu?"

Mzee Hirasawa alisimama ukingoni mwa bwawa, mkongojo mkononi. Alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile, nyonga mpya, hasira zilezile.

Nilitazama chini. Beni, samaki mwekundu mkubwa kuliko wote, alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba. Mawingu yalikuwa yameshukia milima ya Niigata. Theluji ya kwanza ilikuwa njiani, na nilibakiza ubao mmoja tu kulifunika bwawa.

"Si mimi, mzee."

"Maji yakipoa, samaki wa koi halishwi. Tumbo lake linalala. Chakula kinamwozea ndani. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Ulinambia. Kopo lako hilo hapo."

Kopo la chakula lilining'inia ukutani mwa ghala, limefungwa kwa kamba ya majani ya mpunga. Kila mwaka, umande ukianza kuganda, alilifunga hivyo, na halikuguswa mpaka miti ya plamu ichanue, baridi ikiisha.

"Fundo ni lako mwenyewe," nikasema. "Liangalie."

"Basi umemlisha cha mfukoni. Wewe mtu wa Kagoshima, kusini huko, theluji umeiona kwenye televisheni."

"Na wewe ungekuja kwetu, majivu ya volkano yangekurudisha mbio."

"Toka kwangu."

Kabla ya kwenda hospitali aliniambia: "Mfikishe Beni chini ya mbao akiwa mzima, ndipo tuzungumze habari ya kumwoa Chigusa." Nikapandisha pampu, isivuruge maji ya chini yenye uvuguvugu. Nikaopoa majani mpaka vidole vikafa ganzi. Leo naambiwa toka.

Nilifika getini, nikamwandikia Chigusa kazini:

"Baba yako amenifukuza. Anasema nimemlisha Beni. Samaki anakufa."

Akasoma. Akaanza kuandika. Akaacha. Akaanza tena. Akaacha. Moyo wangu ukawa kama pampu iliyokosa maji.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Ndipo ujumbe ukaingia:

"Shinpei, usiondoke. Nakuja."

Alifika bado amevaa aproni ya shule ya chekechea. Hakunitazama. Alipita moja kwa moja hadi kwa baba yake.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemlisha. Mkate. Asubuhi zenye jua, kabla ya kwenda kazini."

Nikasema mimi:

"Chigusa, nimeshinda hapa siku zote hizo, na hukuniambia?"

"Ungenikataza."

"Ndiyo, ningekukataza."

"Alikuwa anapanda juu, Shinpei. Anafungua mdomo. Mama kabla ya kufa alinambia, usimwache Beni na njaa. Ningemnyima vipi?"

"Na mimi nikifukuzwa kwa kosa lako, hilo ungeweza?"

Akafuta macho kwa aproni. "Kama ningeweza, nisingekuja."

Mzee Hirasawa alikohoa.

"Mama yako naye," akasema taratibu, "kila mwaka tuligombana juu ya kuwalisha samaki. Ndiyo maana nikaanza kufunga kopo. Akawa anaficha mkate kwenye mkono mpana wa vazi lake la kimono." Kisha akanigeukia. "Unasubiri nini? Beseni la bluu liko ghalani. Lete na chumvi, ndiyo dawa yake."

Tulimbeba Beni ndani ya turubai lenye maji, mimi upande huu, Chigusa upande ule. Tulimweka ghalani, tukawasha jiko mbali kidogo, maji yapate joto polepole.

"Ukiharakisha, umemuua," mzee akaonya.

"Nimesikia."

Nje theluji ilianza. Nilikwenda nikaweka ubao wa mwisho juu ya wale wengine, nikarudi. Hakuna aliyekula. Chigusa alinyoosha mkono, nikauacha hewani kidogo, kisha nikaushika.

"Bado umekasirika?"

"Sana."

"Lakini umeushika."

"Una baridi."

Kulipopambazuka, Mzee Hirasawa ndiye aliyekuwa amekaa kando ya beseni, mkongojo umeanguka pembeni.

"Njooni."

Tukasogea. Beni alikuwa amesimama wima majini, mapezi yakipunga, na nyuma yake uzi mrefu mweusi ukielea.

"Amekunya," mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuzaliwa mjukuu.

Chigusa akacheka huku analia. Nami nikaketi sakafuni.

"Lakini bwawani harudi," mzee akaendelea. "Ameshazoea joto. Baridi yote atakaa humu, na jiko hili linataka mtu wa kuliangalia kila siku. Nyonga yangu haiinami. Chigusa simwamini, atamletea mkate."

Akanitazama.

"Watu wa kusini mnajua habari za joto, au nimekosea?"

"Hujakosea, mzee."

"Basi kalete mizigo yako."

Akatoka nje, akarudi na kopo la ukutani, akalikabidhi kwa mikono miwili, nusu mkononi mwangu, nusu mkononi mwa binti yake.

"Plamu zikichanua, mtalifungua nyinyi wawili. Siku hiyo mtaalika watu. Na wewe, kijana, acha kuniita mzee. Niite baba."