Kitani cha Euphan

Mwezi wa Mei, mti wa miiba unapochanua, wanawake wa bonde letu walikuwa wakitoa sanda zao juani. Kila mwanamke alikuwa na yake. Aliisokota na kuifuma angali msichana, akaja nayo kwa mumewe ndani ya sanduku la nguo pamoja na mashuka, na mara moja kwa mwaka aliifua na kuitandaza juu ya ua wa miiba isije ikaota ukungu. Hakuna aliyeogopa. Mwiba ni kibanio cha bure. Ukishika kitambaa, upepo utavuma mpaka uchoke. Siku hiyo watu walitaniana, wakapimana, wakala mkate wa shayiri na jibini kivulini.

Haya yalimpata Grizel, mke wa mjomba wa bibi yangu, katika shamba la Harelaw. Bibi aliyasimulia mchana tu, mlango ukiwa wazi.

Asubuhi hiyo Grizel alifika uani na kapu lake. Jirani yake Marget alikuwa tayari anainyoosha sanda yake juu ya miiba.

"Imekuwa kubwa, Marget, au wewe umekonda?"

"Imebaki ileile. Nasubiri jibini ya mwaka huu ninenepe niijaze."

Grizel alicheka. Yeye hakuwa na sanda ya kuanika. Alitoa gauni dogo jeupe, la ubatizo wa mwanawe wa kwanza, akalilaza juu ya mti mkubwa uliosimama mwisho wa ua. Mtoto angebatizwa Jumapili. Mpaka siku hiyo jina lake halikutamkwa, na mama yake hakumtoa nje, kwa kuwa wazee walisema mtoto asiyebatizwa ni nyumba isiyo na komeo.

Marget alilishika gauni kwa vidole viwili. Tabasamu lake likafifia.

"Kitani hiki nakijua. Hakuna mwingine bondeni aliyesokota uzi mwembamba hivi isipokuwa mama mkwe wako."

"Alinipa mwenyewe, kabla hajafa."

"Euphan? Akupe wewe? Shoga, Euphan hata homa asingekupa."

Grizel akainamia kapu lake, ingawa lilikuwa tupu.

Marget hakukosea. Kwa miaka mitatu Euphan alimla Grizel kwa maneno. Kila mgeni aliyeketi karibu na moto aliambiwa kwamba mkaza mwana wa nyumba hii aliingia na sanduku lisilo na kitu ndani ila harufu ya panya. "Muulize atazikwa na nini," kikongwe alisema. "Na gunia, labda." Grizel aliendelea kukoroga uji. Lakini neno lile alilihifadhi moyoni, kama mtu anavyohifadhi kisu.

Kisha ikaja ile baridi kali. Theluji ikafunika njia, Ninian mumewe akaenda mlimani kuwafukua kondoo, na Euphan akashikwa na kifua. Siku ya mwisho alimshika Grizel mkono. "Sanda yangu iko sandukuni," alinong'ona. "Niapie." Grizel akaapa. Lakini kikongwe alipokata roho, na hakuna mwanamke aliyeweza kuvuka theluji kuja kumwosha, Grizel aliifungua sanda, akaitazama, akaikunja tena. Alichukua gunia kuukuu la shayiri. Pini hazikuwapo, basi alitoka akavunja miiba kwenye mti mkubwa wa uani, akalibana gunia nayo kuanzia miguuni mpaka kidevuni. Alipomaliza alisimama akamwangalia.

"Nani sasa amevaa gunia, mama?" aliuliza.

Seremala alipofika na jeneza, Grizel alilifunga mwenyewe.

Sasa, siku hiyo ya Mei, jioni haijafika, alirudi kulichukua gauni. Halikutoka. Aliinua upande mmoja, mwiba mwingine ukashika. Akainua huo, ukashika wa tatu. Hapakuwa na upepo. Alivuta kwa hasira mpaka pindo likachanika, na maua meupe ya mti yakamwagika kichwani mwake. Yalinuka kama chumba cha mgonjwa.

Nyumbani mtoto alikuwa amelala kimya katika susu, kitanda chake kidogo cha kubembeza. Grizel alimwinamia amnyonyeshe, akaona kitu miguuni. Blanketi lilikuwa limebanwa. Miiba ilikuwa imepita juu na chini, safu nzuri, kama mshono.

Alimwita Ninian. "Wewe ndiye umemfunga hivi?"

"Mimi na watoto wachanga wapi na wapi?" alisema Ninian. "Labda Marget, amekutania."

Grizel aliichomoa miiba yote akaitupa motoni. Asubuhi yake, alipotoka kukamua ng'ombe na kurudi, miiba mipya ilikuwa imefika magotini.

Siku iliyofuata hakutoka. Aliketi kando ya susu, mkono juu ya mtoto, jua likiingia dirishani. Uji ukafurika jikoni. Aligeuka kuiondoa sufuria. Ni kule kugeuka tu. Alipotazama tena, miiba ilikuwa kifuani.

Mtoto hakulia. Alikuwa macho, anatazama juu ya bega la mama yake, kama mtoto anavyomtazama mtu anayemfahamu.

Grizel alimwita Marget. Marget hakutania. Alichomoa mwiba mmoja, akaupeleka kwenye mwanga. Nje mti ulikuwa mbichi, umejaa majani. Mwiba ule ulikuwa mkavu, mweusi, wa wakati wa baridi, na una udongo. Kwenye ncha yake ulining'inia uzi mnene wa kahawia.

"Huu ni uzi wa gunia," alisema Marget taratibu. "Grizel. Ulimzika na nini?"

Grizel akamwambia. Alisema huku ameutazama ukuta.

"Kesho ni Jumapili," alinong'ona Marget. "Leo itafika shingoni. Mrudishie kilicho chake."

"Nimeshakikata."

"Basi kishone."

Alishona mchana kutwa. Alilifumua gauni. Alileta vipande vilivyobaki, na kofia yake mwenyewe ya kanisani, ambayo nayo aliikata kwenye sanda ile. Aliunganisha kipande kwa kipande mpaka sanda ikarudi kuwa shuka moja. Lakini lilipungua. Upana wa kiganja ulikosekana upande wa juu, na Grizel alijua ulipo. Alipojifungua, alikata ukanda wa kitani kile kumfunga mtoto kitovu, na kitovu kilipoanguka aliuchoma.

"Atakubali," alisema.

"Hukumjua Euphan?" alisema Marget, akamkumbatia mtoto. Miiba ilikuwa imefika mabegani, na kila aliyoing'oa ilirudi alipopepesa macho.

Jua lilikuwa bado juu Grizel alipofika kwenye mti. Alilitandaza shuka juu ya miiba. Ndege walinyamaza. Akarudi nyuma hatua chache, akangoja.

Shuka likatulia.

Kisha likavuta pumzi.

Lilipanda polepole katikati, likashuka. Kitu chini yake kilijinyoosha. Upande mmoja yakatokea maumbo ya vidole vya miguu, yaliyokonda, yamesimama. Yakatokea magoti. Yakatokea mikono, imekunjwa kifuani. Shuka likavutwa juu, kama mtu anayejifunika kitandani. Likafika mabegani. Likakwama. Likavutwa tena.

Halikufika.

"Shingo yangu ina baridi," ilisema sauti ndani ya majani.

Grizel alipiga magoti. Alitaka kuomba radhi, lakini alijua kwamba yule mwanamke hakuwahi kupokea radhi ya mtu. Alitoa kile alichokuwa nacho.

"Kilichopungua chukua kwangu, mama. Mtoto muache."

Hapo miiba ikaanza kugongana, kwa furaha, ingawa hapakuwa na upepo.

"Geuka," ilisema sauti.

Akageuka.

Kule nyumbani Marget alisikia kitu kikianguka sakafuni. Kisha kingine. Miiba ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye blanketi, mmoja mmoja, na ulipoanguka wa mwisho mtoto akalia kwa mara ya kwanza tangu juzi. Baadaye Grizel aliingia mlangoni, mweupe kama maziwa, anatembea wima mno. Kwenye mti hapakuwa na shuka. Marget alimuuliza nini kimetokea, naye akaomba maji tu.

Jumapili mtoto alibatizwa kwa gauni la kuazima. Alikua, akaoa, akazaa. Grizel aliishi mpaka akawa kikongwe, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuona mgongo wake, hata Ninian. Alilala amevaa. Wakati wa joto la mavuno, wanawake wengine walipofungua vifungo vya shingoni, yeye aliikaza shali yake.

Alikufa alfajiri, siku ya barafu. Bibi yangu, wakati huo bi harusi mpya, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumwosha adhuhuri. Mwili ulikuwa umekwisha kupoa na kukakamaa. Walimvua, wakamgeuza.

Kati ya mabega yake, upana wa kiganja, hapakuwa na ngozi. Palikuwa na gunia. Gunia la shayiri, la kahawia, kuukuu, limeshonewa pande zote kwenye nyama yake kwa uzi mweupe mwembamba mno, mishono midogo isiyohesabika, hakuna hata mmoja uliokwenda upande.

Walitazamana. Bibi yangu ndiye aliyenyoosha mkono akaligusa.

Lilikuwa bado na joto.