Mto wa Sufi ya Hakimu

Asubuhi moja binti aliyeitwa Kasuku alijikohoza kabla ya kunywa chai. Hayakuwa mafua, wala halikuwa vumbi, ingawa vumbi nyumba ile ilikuwa nalo la kutosha, maana baba yake alikuwa fundi wa makochi na chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Alijikohoza mara mbili, kwa ukavu, kama mkubwa wa kazi anayetaka watu wanyamaze. Kisha binti yule wa miaka kumi na mitano akainua kidevu, akakisogeza kikombe kwa ncha ya kidole, akasema chai kama ile hata mbuzi angeikataa.

Shangazi yake, aliyeipika, aliinamisha macho. Fundi alicheka hadi akaweka mkate chini.

Fundi alikuwa mtu wa dharau, na ulimi wa kuitendea kazi alikuwa nao. Mteja akishavuka kizingiti tu, yeye huanza: huyu kalio lake limechimba kochi kama kisima, yule anataka mahameli nyekundu na nyumba yake haina dari. Mkewe alipokuwa hai alimkanya kwa sauti ndogo, naye akamcheka na huko kukanya kwake. Mke alipofariki, dada yake Fundi akahamia pale kusaidia kulea, akajifunza upesi kunyamaza. Kwa hiyo binti alipoidharau chai, baba aliona mtoto amekua. Ndiyo akili aliyokuwa nayo.

Lakini Kasuku, waliyempa jina hilo kwa maneno yake mengi, akaacha maneno. Akaacha kula. Mchana alilala, jioni aliketi kitandani ameegemea mto, mgongo umenyooka, mikono yake ikielea ubavuni kana kwamba imelazwa juu ya kitu ambacho hakipo. Mashavu yakaingia ndani. Hospitali walimpima damu, mkojo na kifua, wakasema hawaoni kitu. Fundi alirudi akisema daktari yule anajua kuvaa koti tu. Aliyasema hayo amemshika binti yake mkono, na mkono ulikuwa mwepesi kama mpini wa ufagio, na siku ile hakupata hamu ya kumcheka mtu mwingine.

Ikaja harufu ya tumbaku ya kiko, katika nyumba isiyo na mvutaji. Ilianzia chumbani kwa binti, ikawa inatembea.

Mchana mmoja wa jua kali, Fundi akiwa peke yake karakanani, alisikia springi zikilia nyuma yake, polepole, kama mtu mzito anayejiweka kitini bila haraka. Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na fremu tupu, mbao na misumari. Springi zake zilikuwa bado ndani ya gunia, na gunia limefungwa.

Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, dada yake alimwita kwa mkono, bila sauti, wakasimama mlangoni kwa binti, na mle ndani Kasuku alikuwa ameketi vilevile kama anavyoketi, ila midomo ilikuwa inakwenda, na sauti iliyotoka ilikuwa nene na imechoka na watu, ikitaja mteja mmoja baada ya mwingine, mwenye kalio la kisima, mwenye mahameli na nyumba isiyo na dari, daktari wa koti, maneno yote ambayo Fundi aliyasema nyuma ya migongo ya watu, bila hata moja kukosekana, mpaka yalipokwisha, na kichwa cha mtoto kikageuka taratibu mlangoni, kikamtazama baba yake kuanzia viatuni kwenda juu.

Akajikohoza mara mbili.

"Simama vizuri. Na mimi ulinisemaje?"

Fundi alishika fremu ya mlango. Alikumbuka.

Kilikuwa kiti cha hakimu mstaafu, mtu aliyewadharau washtakiwa, makarani na watoto wake mwenyewe sawasawa, akafa kitini humo na kiko mkononi. Binti wa hakimu ndiye aliyekileta. Alitaka kivishwe upya, akamwomba Fundi mara mbili kwamba kilichomo ndani kichomwe moto, kisitupwe wala kisitumike. Fundi aliitikia vizuri. Mwanamke alipoondoka, akaupasua mshono, akaishika ile sufi, ikawa bado nzito na nzuri. Fundi wa makochi hatupi sufi nzuri. Akaishindilia kwenye mto wa binti yake, akaushona kwa sindano yake ndefu iliyopinda, huku akicheka kwamba kalio la hakimu sasa litalaliwa na kichwa cha mtoto wa fundi.

Kesho yake asubuhi dada yake alikwenda kumleta Bi Mkaa. Alikuwa mama mmoja muuza mkaa wa mtaa wa nyuma, mcha Mungu, anayewaombea wagonjwa na hapokei kitu. Alifika na kucha zake nyeusi. Fundi aliziona, akazisema moyoni. Bi Mkaa hakuuliza mengi. Aliinama, akaunusa mto, akasikiliza habari za kiti hadi mwisho.

"Maiti harudi, Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo hakimu yuko kwa Mola wake, anajibu yake. Huyu ni yule aliyekuwa akikaa naye. Ni pepo, hana hata kiti chake mwenyewe. Anakalia cha mtu mpaka kichakae, kisha anatafuta kingine. Kuchakaa kwa kiti unakujua wewe."

Fundi alimtazama mwanawe. Alikujua kuchakaa huko.

"Anakula nini?" dada mtu aliuliza.

"Dharau. Ukimtukana umempakulia. Leo tutauchoma mto huu, na yeye atakuchokoza, Fundi. Usimjibu. Mpaka jivu lipoe, usimdharau yeye wala mwanadamu yeyote. Unaweza?"

Fundi alisema anaweza. Ni neno jepesi kulitamka.

Walitoka uani jua likiwa juu. Shangazi alimpakata binti kwenye mkeka. Fundi aliupasua mshono alioushona kwa mkono wake, na sufi ikatoka ya manjano, inanuka kiko, na katikati yake palikuwa pamebonyea upana wa mtu mzima aliyeketi, ingawa mto ule haukupata kubeba zaidi ya kichwa na mgongo wa mtoto. Bi Mkaa akawasha. Akaanza dua.

Sauti ile ikaanza nayo, kinywani mwa binti. Ilimcheka Fundi mishono yake, ikamcheka alivyotembea, alivyolia siku ya mazishi ya mkewe, na yeye alinyamaza, akitazama moto, na ilipoona hajibu ikashuka, ikawa taratibu, karibu ya huruma, ikamuuliza kama anakumbuka alichomwambia mteja wakati mkewe yuko chumba cha pili anakata roho, kwamba mwanamke yule anadeka tu, na kama anajua kuwa ukuta ule ni mwembamba na mkewe aliyasikia, na machozi yakamshuka Fundi mpaka kidevuni, na midomo ikamtetemeka, lakini hakuifungua.

Moshi haukupanda. Ulikaa. Ulikaa kimo cha mtu aliyeketi, mikono yake juu ya mikono ya kiti ambacho hakikuwapo, wakautazama wote watatu. Bi Mkaa akapaza dua. Upepo ukapita, moshi ukakatika.

Kasuku alikohoa kikohozi cha kitoto, cha kupaliwa.

"Baba, moshi unaniingia machoni. Kuna chai?"

Akanywa. Akaomba mkate, akaanza kuuliza kwa nini wamekaa uani, nani amepasua mto wake, kwa nini shangazi analia, maneno juu ya maneno. Bi Mkaa akamshukuru Mungu, akachukua gunia lake, akaaga na kuondoka. Fundi alimtazama akielekea mlangoni. Ndala moja ilikuwa ya buluu, nyingine nyekundu, kila moja na saizi yake. Furaha ilimjaa kifuani, ikampanda hadi kooni, na ulimi ukaifuata kama ulivyozoea. Jivu lilikuwa bado linatoa mvuke wa joto.

Alimwinamia dada yake.

"Umeziona ndala za mganga wetu? Hata takataka zin…"

Mtu akajikohoza. Mara mbili, kwa ukavu.

Shangazi alimgeukia mtoto upesi. Kasuku alikuwa na kikombe mdomoni, anameza, na macho yake, juu ya ukingo wa kikombe, yalikuwa yanamtazama baba yake, ambaye alikuwa ameinua kidevu.